Mafundo, Nyuzi na Alama: Hesabu ya Ugomvi na Suluhu katika Usukuma

Mwamanyili ni kata mojawapo ya wilaya ya Busega, katika mkoa wa Simiyu. Mkoa wenyewe ni mchanga, maana ulianzishwa mwaka 2012, Bariadi, Maswa na Meatu zilipotengwa na Shinyanga, nayo Busega ikatengwa na Magu iliyokuwa chini ya Mwanza. Kabla ya hapo nchi hii ilipita katika mikono ya majimbo na wilaya kadha wa kadha, na kabla ya hayo yote ilikuwa ya watemi, kila mtemi na himaya yake. Lakini mbali na mipaka hiyo ya utawala palikuwapo mpaka mwingine ambao hauchorwi katika ramani yoyote, nao ni mpaka wa ngoma. Mcheza ngoma wa Kisukuma alikuwa wa Bagalu au alikuwa wa Bagika. Mpaka huo haukufuata mto wala kilima. Ulipita katikati ya kijiji, na mara nyingine katikati ya ukoo, ukawagawa watu waliochota maji katika kisima kimoja.

Simulizi huvihusisha vyama hivi viwili na wachezaji wawili wa karne ya 19, Gumha na Ngika, ambao kila mmoja alikuwa bingwa wa kucheza na bingwa wa dawa. Bagalu ni watu wa Gumha, na Bagika ni watu wa Ngika. Mashindano yao yalikuwa na sheria nyepesi ambayo hata mtoto aliweza kuihukumu: makundi mawili hucheza katika uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi zaidi upande wake. Mwaka 1936, katika toleo la kwanza kabisa la jarida la Tanganyika Notes and Records, afisa mmoja wa serikali, R. de Z. Hall, aliandika makala fupi juu ya vyama vya ngoma vya Wasukuma kama alivyoviona katika wilaya ya Maswa. Mwaka huo huo, mjini Leipzig, kilichapishwa kitabu cha Dénes Kőnig, mwalimu wa hesabu wa Budapest, ambacho ndicho kitabu cha kwanza cha elimu ya grafu. Hapana dalili kwamba Hall aliwahi kumsikia Kőnig, wala Kőnig kuisikia Maswa. Hata hivyo, ndani ya kitabu kile imo kauli moja inayoeleza kwa nini vyama vya Maswa vilikuwa viwili, wala si vitatu au vitano.

Ili kauli hiyo ifahamike hapana budi kuanza na wavu. Wavu wa mvuvi una mafundo, na baina ya fundo na fundo pana uzi. Ukiondoa mambo mengine yote, yaani urefu wa uzi, unene wake na umbo la matundu, ukabaki na habari moja tu, kwamba fundo hili limeungwa na lile au halikuungwa, hapo unayo grafu. Mafundo yaweza kuwa miji na nyuzi zikawa barabara. Yaweza kuwa watu na nyuzi zikawa ujirani. Elimu hii huhesabiwa kuwa ilianza mwaka 1736, Leonhard Euler alipothibitisha kwamba hapana mtu awezaye kuyapita madaraja saba ya mji wa Königsberg, kila daraja mara moja tu bila ya kurudia. Swali la namna hiyo halikuwa geni katika Afrika. Emil Torday, Mhungari aliyesafiri katika nchi ya Wabushongo huko Kongo mwanzoni mwa karne ya 20, aliwakuta watoto wakichora nyavu mchangani kwa mchoro mmoja, pasipo kuinua kidole wala kupita mara mbili katika mstari ule ule. Walimtaka mgeni ajaribu, akashindwa, nao wakafurahi mno. Watoto hao hawakuwa wamesoma Euler, na yamkini Euler mwenyewe angependa kuketi nao.

Wavu mtupu husema nani ameungwa na nani. Hausemi wameungwa kwa jambo gani. Kwa hiyo wanahesabu wakaanza kuzitia nyuzi alama. Gustav Kirchhoff, mwaka 1847, aliutazama umeme upitao katika nyaya, akaupa kila waya kiasi chake, na sheria yake ilikuwa kwamba katika kila fundo jumla ya vinavyoingia ni sawa na jumla ya vinavyotoka. Alama zake zilikuwa namba za kawaida, zisizo na mwisho. Lakini yako mambo ya duniani ambayo hesabu yake ina mwisho na huzunguka. Saa ni mfano ulio karibu na kila mtu: mtu akiondoka nyumbani saa kumi, akasafiri saa tano, hafiki saa kumi na tano, hufika saa tatu. Saa kumi na mbili za Kiswahili zinajumlishika zenyewe kwa zenyewe, na jumla haitoki nje yake. Mpangilio hauna kitu, maana kumi na tano ni sawa na tano na kumi. Iko moja isiyoongeza wala kupunguza neno, nayo ni saa kumi na mbili, na kila moja ina kinyume chake cha kuirudisha hapo. Mkusanyiko wenye tabia hizo huitwa kundi la Abel, kwa jina la Niels Henrik Abel wa Norway, aliyekufa kwa kifua kikuu mwaka 1829 akiwa na umri wa miaka 26 tu. Na ikiwa wanachama wake wanahesabika, kama saa zilivyo kumi na mbili, basi ni kundi lenye kikomo.

Kundi dogo kuliko yote lenye maana lina wanachama wawili. Wazee waliosoma chuoni wanawajua kwa majina yao: shufwa na witiri. Shufwa na shufwa ni shufwa. Shufwa na witiri ni witiri. Na witiri kwa witiri ni shufwa. Hesabu hiyo ndogo, ambayo mtoto huimaliza kwa kokoto mbili, ndiyo iliyomo katika habari ya Bagalu na Bagika.

Mwaka 1946 Fritz Heider, mwanasaikolojia mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani, aliandika juu ya moyo wa mtu aliyekaa baina ya watu wawili. Ikiwa nampenda Juma, na Juma anampenda Ali, nami namchukia Ali, moyo wangu hautulii. Lazima jambo moja libadilike: nimpende Ali, au nimwache Juma, au Juma amwache Ali. Lakini ikiwa Juma nami tunamchukia Ali sote wawili, moyo umetulia, ingawa kwa Ali haukutulia. Miaka michache baadaye, mwaka 1953, Frank Harary wa Michigan alilitoa jambo hilo katika moyo wa mtu mmoja akalitia katika wavu mzima. Kila uzi wa urafiki aliupa alama ya shufwa na kila uzi wa uadui alama ya witiri (yeye alitumia alama za kujumlisha na kutoa, lakini hesabu ni ile ile). Wavu una mizani, alisema, ikiwa kila mzunguko, yaani kila njia itokayo katika fundo na kurejea katika fundo lile lile, una jumla ya shufwa. Kisha akathibitisha kwamba wavu wenye mizani hugawika pande mbili, wala hazizidi mbili: ndani ya kila upande nyuzi zote ni za urafiki, na baina ya upande na upande nyuzi zote ni za uadui. Huenda upande mmoja ukawa mtupu, na hapo watu wote ni marafiki. Kauli hii, bila ya kutaja urafiki wala uadui, ndiyo ile iliyokwisha kuwamo katika kitabu cha Kőnig tangu 1936. Kőnig hakuishi kuona matumizi yake. Alijiua mwaka 1944, mateso ya Wayahudi yalipoushika mji wa Budapest.

Uthibitisho wake si mgumu, na wafaa kuelezwa kwa maneno. Chagua mtu mmoja. Kila mtu mwingine mfikie kwa njia yoyote ya nyuzi, ukihesabu nyuzi za uadui njiani. Zikiwa shufwa, mweke upande wa yule wa kwanza. Zikiwa witiri, mweke upande wa pili. Je, njia mbili mbalimbali zaweza kumpa mtu mmoja pande mbili? Haziwezi, maana njia hizo mbili zikiunganishwa hufanya mzunguko, na mzunguko umekwisha kusemwa kuwa ni shufwa. Basi kila mtu ana upande wake mmoja.

Hapa twafahamu jambo ambalo wageni wengi walioandika juu ya ngoma za Afrika ya Mashariki waliliona wakalishangaa. Pwani nzima na bara ilijaa jozi. Ngoma ya Beni, ambayo Terence Ranger aliandika historia yake mwaka 1975, ilienea Tanganyika kwa vyama viwili, Marini na Arinoti, na Mombasa ilikuwa na Kingi na Scotchi. Waswahili wa Mombasa wenyewe walikuwa Thelatha Taifa na Tisa Taifa. Lamu ilikuwa na Mkomani na Langoni. Baadhi ya wasomi walitafuta chanzo cha jozi hizo katika damu, wengine katika biashara, wengine katika kuwaiga wazungu na majeshi yao. Kila sababu ina nafasi yake mahali pake. Lakini sababu ya kuwa mbili na si tatu haihitaji damu wala jeshi. Inatosha watu waishike kanuni moja, kwamba mpinzani wa mpinzani wangu ni mwenzangu, na waishike pote bila ya kuivunja. Mengine huyamaliza mantiki yenyewe. Chama cha tatu kikitokea, mpinzani wa Bagalu na mpinzani wa Bagika vile vile, kitafanya pembetatu yenye witiri tatu, nayo jumla yake ni witiri. Hapo wawili watasukumwa kuungana juu ya mmoja.

Iko faida nyingine ya hesabu hii ambayo Thomas Zaslavsky aliieleza katika maandishi yake juu ya nyavu zenye alama, yaliyotoka mwaka 1982. Mtu mmoja akigeuza nyuzi zake zote kwa mara moja, rafiki wawe maadui na maadui wawe rafiki, mizani ya wavu haiharibiki hata kidogo, kwa sababu kila mzunguko upitao kwake hutumia nyuzi zake mbili, na witiri mbili zikiongezwa hazibadilishi jumla. Hivyo ndivyo ilivyo mchezaji anapotoka kwa Bagalu akaenda kwa Bagika. Wenziwe wa jana ni wapinzani wake wa leo, chama kimoja kimepungukiwa na kingine kimeongezeka, lakini mgawanyiko wenyewe umebaki mzima. Watu hupita, watemi hupita, mpaka wa ngoma unabaki. Watemi wa Usukuma walifanya shirikisho lao mwaka 1946, baraza lao likikaa Malya. Mwaka 1963 utemi ukafutwa na serikali. Bagalu na Bagika waliendelea kushindana, na katika sikukuu ya Bulabo huko Bujora, ambako Padre David Clement alijenga kanisa na makumbusho ya Wasukuma katika miaka ya 1950, wanashindana kila mwaka mwezi wa Juni.

Thomas Zaslavsky huyo ni mwana wa Claudia Zaslavsky, mwanamke aliyeandika kitabu cha Africa Counts mwaka 1973, juu ya hesabu katika maisha ya Waafrika, akatenga sehemu nzima kwa Afrika ya Mashariki. Ni yeye aliyewajulisha wasomaji wengi habari ya watoto wa Kibushongo na nyavu zao za mchangani. Mama alisimulia nyavu zisizo na alama. Mwana akazitia alama, kwanza za kundi la watu wawili, kisha za kundi lolote lile. Mara chache historia ya elimu hupanga mambo yake vizuri namna hii.

Mpaka hapa kundi la wanachama wawili limetosha. Lakini yeyote aliyekaa Usukuma, au Unyamwezi, au Uzaramo, atauliza mara moja: utani je? Uzi wa utani utatiwa alama gani? Mtani hutukana, hunyang'anya, hufanya mzaha wa kufa na mtu katika msiba. Ukisikiliza maneno yake utamwandika kuwa adui. Lakini mtani huyo ndiye afanyaye kazi za mazishi ambazo ndugu hawawezi kuzifanya, na kumkasirikia ni aibu kuliko kumtukana. Ukitazama kazi yake utamwandika kuwa rafiki. A. R. Radcliffe-Brown alilishughulikia jambo hili mwaka 1940, na R. E. Moreau, aliyekuwa Amani na ambaye kazi yake hasa ilikuwa elimu ya ndege, alikusanya habari za utani wa makabila ya Tanganyika akazichapisha mwaka 1941 na 1944. Katika simulizi zilizokusanywa mara nyingi husemwa kwamba makabila mawili yalipigana kwanza, kisha wakawa watani. Na mara nyingine ni njia za misafara, ambazo Wanyamwezi na Wasukuma walizipita kama wapagazi katika karne ya 19, zilizozaa utani kati ya watu waliokaa mbali mbali.

Kosa la alama mbili ni kwamba zinachanganya ulimi na mkono. Zikitengwa, kila uzi hupata alama ya pande mbili, moja ya maneno na moja ya matendo, kila moja ikiwa shufwa au witiri. Ulimi mwema na mkono mwema ni urafiki. Ulimi mbaya na mkono mbaya ni uadui. Ulimi mbaya na mkono mwema ni utani. Na iliyobaki, ulimi mwema na mkono mbaya, haihitaji kutafutiwa jina katika Kiswahili: ni unafiki. Alama hizo nne zinajumlishika upande kwa upande, nazo ni kundi la Abel lenye wanachama wanne, ambalo wanahesabu hulihusisha na Felix Klein wa Ujerumani. Yafaa msomaji aone kwamba katika kundi hilo utani na unafiki, vikijumlishwa, vinatoa uadui mtupu. Ni tamko la hesabu tu, lakini halimfanyi mtu acheke.

Liko kundi jingine la wanachama wanne, la saa yenye mishale minne: sifuri, moja, mbili, tatu, kisha unarudi sifuri. Mwaka 1954 William Tutte alithibitisha jambo la ajabu juu ya makundi haya. Tutte ndiye yule ambaye wakati wa vita vya pili, huko Bletchley Park, aliufumbua muundo wa mashine ya siri ya Wajerumani iliyoitwa Lorenz pasipo kuiona kwa macho, na mashine ile ilificha maneno kwa kujumlisha alama za namna mbili, shufwa na witiri, tano tano kwa kila herufi. Kauli yake ya 1954 ni hii: ukizitia nyuzi za wavu alama kutoka katika kundi la Abel lenye kikomo, ukakataza sifuri, na ukataka sheria ya Kirchhoff ishike katika kila fundo, idadi ya njia za kufanya hivyo inategemea tu kundi lina wanachama wangapi. Umbo la kundi halina neno. Chukua vijiji viwili vilivyoungwa kwa barabara tatu. Kwa kundi la Klein ziko njia 6, na kwa saa ya mishale minne ziko njia 6 vile vile. Mwenye kalamu na karatasi atazihesabu kabla chai haijapoa. Tutte alidhani pia kwamba wavu wowote usio na uzi ambao ukikatwa wavu hukatika vipande, waweza kutiwa alama hivyo kwa kundi la wanachama watano. Paul Seymour alithibitisha mwaka 1981 kwamba sita wanatosha. Habari ya watano haijathibitishwa hata leo.

Basi kwa mwenye kuhesabu tu, makundi mawili ya wanne ni sawa. Kwa mwenye historia si sawa hata kidogo. Katika kundi la Klein kila alama ni kinyume cha nafsi yake, kwa hiyo uzi husomeka vile vile ukitoka huku au kule. Mtani wangu nami ni mtani wake, pasi na mkubwa wala mdogo. Katika saa ya mishale minne, aendaye hatua moja akirudi amekwenda tatu. Uzi una mwelekeo. Mambo ya namna hiyo yako tele katika Usukuma: mkopo wa ng'ombe, mahari, heshima ya mkwe. Mwenye kuyatia katika hesabu moja na utani atakuwa amepata idadi sahihi ya vitu asivyovijua.

Hata kundi la Klein lina mahali linapokwama. Linataka mtani wa mtani wangu awe rafiki yangu. Wanyamwezi walikuwa na watani wengi katika njia ya pwani, na hapana aliyesema kwamba kwa sababu hiyo watani wao wote walikuwa ndugu wao kwa wao. Utani haujumlishiki kwa mbali. Hukaa katika uzi wake mmoja, na labda hiyo ndiyo kazi yake, kuwa uzi ambao mizani ya wavu haiudai.

Mizani hiyo ina madai makali, na ukali wake waonekana kwa kuhesabu. Watu watatu waliojuana wote wana nyuzi tatu. Zinaweza kutiwa alama za shufwa na witiri kwa njia 8, na njia 4 zina mizani. Watu wanne wana nyuzi sita, njia 64, na zenye mizani ni 8. Watu watano wana nyuzi kumi, njia 1,024, na zenye mizani ni 16 tu, yaani moja katika kila 64. Kadiri watu wanavyozidi kukaribiana ndivyo utulivu unavyozidi kuwa jambo la nadra.

Wasukuma wa zamani walikaa kwa kutawanyika, kila mji na mashamba yake na malisho yake. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji iliwakusanya. Sheria ya vijiji ya mwaka 1975 ilitaka kijiji kiwe na kaya zisizopungua 250. Kaya 250 ambazo kila moja inaijua kila nyingine zina nyuzi 31,125, ambapo mji wa zamani ulikuwa na majirani wachache tu wa kupatana au kugombana nao. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyechunguza mauaji ya watu waliotuhumiwa uchawi katika Usukuma, aliuhesabu mkusanyo huu kuwa miongoni mwa mambo yaliyoyazidisha. Kati ya 1970 na 1984 waliuawa Tanzania Bara watu zaidi ya 3,000 kwa tuhuma hizo, sehemu kubwa yao wakiwa wa Usukuma, na wengi wao wanawake, mara nyingi wazee. Macho mekundu ya mwanamke aliyepika miaka mingi kwa moshi yalihesabiwa kuwa ushahidi.

Sababu za mauaji hayo ni nyingi, za ardhi, za urithi, za maradhi na vifo vya watoto, wala hapana mwanahistoria atakayezimaliza kwa shufwa na witiri. Lakini hesabu yasaidia kuona namna tuhuma inavyotembea. Jirani mmoja anagombana na bibi kizee. Uzi wao umegeuka witiri. Jirani ana rafiki, na rafiki huyo ni rafiki wa bibi pia. Pembetatu yao imepoteza mizani. Rafiki atachagua. Akimchagua jirani, uzi wake na bibi umegeuka nao, na pembetatu imetulia, lakini sasa ziko pembetatu nyingine zilizoharibika, zile za rafiki huyo na rafiki zake. Kwa hiyo tuhuma huenda mlango kwa mlango, na kila mlango unapoifunga pembetatu moja hufungua nyingine, mpaka imfikie mtu wa mwisho.

Hapo ndipo kauli ya Kőnig na Harary inapopaswa kusomwa tena kwa makini. Walisema pande mbili. Hawakusema pande hizo ziwe sawa kwa wingi. Bagalu na Bagika walikuwa pande mbili zilizolingana, kila mtu akiwa na jeshi la wenziwe nyuma yake, na ushindi wa siku ukiwa wa mwenye watazamaji wengi, kesho ukarudiwa tena. Kijiji ambamo kaya 249 ni marafiki wao kwa wao na wote ni maadui wa kaya moja, nacho kina pande mbili. Kila mzunguko ndani yake ni shufwa. Kwa mizani ya Harary hakina kasoro yoyote, na kitadumu hivyo bila ya mtu kusumbuka, isipokuwa yule mmoja.

Tuseme sasa kaya moja kati ya zile 249 haikugeuza uzi wake. Mwenye kaya anaendelea kumsalimu bibi asubuhi, anampelekea kuni, anampa moto. Uzi wake na bibi ni shufwa. Uzi wake na kila jirani mwingine ni shufwa, na uzi wa kila jirani mwingine na bibi ni witiri. Kwa salamu hiyo moja pembetatu 248 zimeharibika kwa mara moja, na katika kila mojawapo yuko jirani anayemtaka achague.